Duka la vitabu au ukumbi?

Dar es Salaam

Mpendwa Zuhura,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba riwaya yako imeshatoka kwa mchapaji. Unaniuliza kama ukodi ukumbi na kumtafuta mgeni rasmi, au ukubali mwaliko wa lile duka dogo la vitabu la hapa mjini. Mimi nakushauri duka, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikwenda hapo kumsikiliza mwandishi wa riwaya akizungumza na wasomaji na kutia sahihi vitabu vyake.

Uzinduzi wa ukumbini unaujua: meza kuu hupambwa, waalikwa hutambulishwa mmoja mmoja, mgeni rasmi huchelewa, kisha husoma hotuba iliyoandikwa na mtu ambaye naye hakukisoma kitabu. Fedha hupatikana, sikatai, lakini mwandishi huweza kurudi nyumbani bila kusikia neno lolote kuhusu wahusika wake.

Pale dukani rafu zilisogezwa, viti vya plastiki vikapangwa hadi mlangoni, na mwandishi akaketi na mwenye duka, ambaye alikuwa amekisoma kitabu chote na kutia alama kurasa alizotaka kuzijadili. Mwandishi alisoma kurasa chache tu, za ugomvi wa mke na mama mkwe, akaishia pale ambapo kila mmoja wetu alitaka aendelee. Nakujua, utatamani kusoma sura ya kwanza yote, pamoja na ile mvua isiyokatika. Tafadhali usiisome.

Maswali yalianza kishuleshule, jambo lisiloshangaza katika nchi ambayo wengi wetu tulikutana na riwaya kwanza kama kitabu teule cha mtihani. Mmoja aliuliza dhamira kuu, mwingine falsafa ya mwandishi, nikahisi tumerudi kidato cha tatu kuchambua fani na maudhui. Mwandishi hakuwadharau, ila aliwauliza ni mhusika gani aliyewaudhi zaidi, na hapo duka zima likachangamka. Mama mmoja alimtetea yule mama mkwe kwa ukali kana kwamba wanaishi nyumba moja.

Kisha kijana mmoja akataka kujua kwa nini haandiki kwa Kiingereza, penye tuzo na wasomaji wengi. Mwandishi alichukua rafuni nakala ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, akaeleza kwamba kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, lakini wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 2022, kilipochapishwa na Mkuki na Nyota baada ya Gurnah kupewa Nobeli mwaka 2021. Yeye, alisema, ana majirani Tanga ambao hawezi kuwasubirisha miaka 28.

Wakati wa sahihi, kila mnunuzi alipewa kipande cha karatasi aandike jina kama anavyotaka lionekane kitabuni. Nilidhani ni urasimu, mpaka nilipoona Asha, Aisha na Aysha wamefuatana kwenye mstari. Tafuta kalamu ambayo wino wake haupenyi karatasi, na usiahidi kumwandikia kila mtu aya nzima.

La fedha nalisema waziwazi. Duka litapokea vitabu vyako kwa mali kauli, likate sehemu yake, likulipe kilichouzwa. Jamaa zako watakuja kukuomba nakala za bure, nawe utaona haya kuwanyima; waelekeze kaunta. Duka la aina hii huishi zaidi kwa vitabu vya kiada na madaftari shule zinapofunguliwa, na riwaya hukaa rafuni kwa mapenzi ya mwenye duka tu. Ukigawa bure siku hiyo, atakosa sababu ya kuagiza nakala nyingine.

Nimemweleza kwamba utamwandikia. Anaomba nakala moja mapema ili aisome kabla ya kuzungumza nawe, na anapendelea Jumamosi alasiri, kabla foleni za jioni hazijafunga barabara. Mtumie kwa basi, mimi nitaipokea kituoni na kumpelekea. Nipe pia jina la sura unayokusudia kuisoma, tuipunguze pamoja.

Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Rehema