Barua kwa mpwa wangu aliyeko Chennai: funguo za jiji anazo nani?

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umepita mbele ya lile jumba jeupe lenye mnara wa saa, Ripon Building, ukaambiwa ndiyo makao ya jiji, na sasa unataka kujua meya wa huko ana nguvu gani. Swali hilo umemuuliza mtu aliyekaa ofisi ya kata miaka kumi na tisa, kwa hiyo nivumilie.

Jiji unaloishi lina serikali ya mji kongwe kuliko zote India. Hati yake ilitolewa mwaka 1687, enzi za King James II, na mwaka uliofuata Madras, kama Chennai ilivyoitwa zamani, ikapata meya na wazee wa jiji. Kampuni ya biashara ya Kiingereza haikufanya hivyo kwa huruma. Ilitaka kodi, ikaona watu watalipa kwa urahisi zaidi wakitozwa na wenzao. Hata hivyo kodi zilipingwa.

Jina la jumba lile linatokana na Lord Ripon, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza huko India. Mwaka 1882 alitoa waraka uliotaka wajumbe wengi wa mabaraza ya miji wasiwe watumishi wa serikali. Alisema wazi kwamba lengo la kwanza si kuboresha utawala, ni kuwafundisha watu siasa. Na kweli walijifunza! Nehru, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa India, aliongoza manispaa ya Allahabad kuanzia 1923. Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru, alikuwa mtendaji mkuu wa jiji la Calcutta mwaka 1924. Vallabhbhai Patel, mpigania uhuru mwingine, aliongoza manispaa ya Ahmedabad kuanzia 1924 hadi 1928, akihangaika na maji na mitaro kabla ya kuhangaika na nchi nzima. Mimi naliheshimu sana jambo hili. Wakati wangu kulikuwa na mama aliyekuja ofisini kila masika na fimbo ya mti. Sehemu iliyolowa tope ndiyo ilionyesha maji yamefika wapi kwenye kizingiti chake. Kiongozi aliyewahi kuishika fimbo kama ile hasahau.

Sasa nguvu za meya. Sheria ya jiji la Bombay (sasa Mumbai) ya mwaka 1888 iliweka utendaji mikononi mwa kamishna anayeteuliwa na serikali, madiwani wakabaki na bajeti na mijadala. Sheria hiyo bado inatumika Mumbai, na mtindo wake umeenea miji mingi. Meya anavaa joho na mkufu, anaongoza kikao. Anayesaini mikataba ni kamishna, na kamishna anaitazama serikali ya jimbo iliyomleta.

Marekebisho ya 74 ya Katiba, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1993, yalikuja kutibu hilo. Baraza lipewe miaka mitano, uchaguzi ukamilike kabla muda haujaisha, wanawake wapate angalau theluthi moja ya viti. Ikaandikwa pia orodha ya kazi 18, kuanzia mipango miji, maji na zimamoto hadi makaburi na taa za barabarani. Lakini kwenye kukabidhi kazi hizo Katiba inasema bunge la jimbo “linaweza”. Neno hilo moja limewaachia wakubwa wa majimbo mlango, na wengi wameshikilia funguo mpaka leo.

Hata kwenye uchaguzi, ambako Katiba imeamrisha, miji imekaa bila madiwani. Chennai yenyewe haikuwa nao kuanzia 2016 hadi 2022. Muda wa madiwani wa Mumbai uliisha Machi 2022, kamishna akaendesha jiji peke yake kwa miaka. Sisi tunaijua hali hiyo: Dar es Salaam iliendeshwa na Tume ya Jiji kuanzia 1996 hadi 2000. Barabara inaweza kutengenezwa vizuri chini ya mteule, sikatai. Lakini mama wa fimbo anampelekea nani fimbo yake? Mteule hamwombi kura. Hilo linaniuma, mpwa wangu, na sitaki ulizoee.

Mwaka 2022 Chennai ilimpata R. Priya, mwanamke wa kwanza wa jamii ya Dalit, wale waliowekwa chini kabisa katika matabaka ya India, kuwa meya wake. Anza na kata yako. Kabla mvua za Oktoba hazijafika, muulize mama mwenye nyumba diwani wao ni nani, na mtaro ukiziba huwa wanamwendea yeye au wanakwenda kwa mhandisi. Nitumie jibu lake, na picha ya mtaro wenyewe.

Mjomba wako