Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: Maelezo ya Sarafu ya Tabora

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Heller 20 ya mwaka 1916

Katika kabati la kioo la makumbusho unayoyaongoza kuna sarafu ya heller 20 (heller ilikuwa senti ya rupia, fedha ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki) ambayo chini yake pamebandikwa maneno matatu tu: "Sarafu ya Kijerumani". Maneno hayo si ya uongo, lakini yanamfanya mgeni aamini kwamba shaba ile ililetwa kutoka Berlin, ilhali ilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, baada ya Waingereza kuifunga njia ya bahari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na fedha kuacha kufika. Naomba maelezo hayo yaandikwe upya, na sarafu hiyo iwekwe karibu na ndugu zake waliozaliwa Ujerumani kwa dhiki ya vita ile ile.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walificha dhahabu na fedha zao majumbani, na baadaye serikali nayo ikazikusanya nikeli na shaba za sarafu ndogo kwa ajili ya silaha, hata muuza mkate na kondakta wa tramu wakakosa chenji ya kurudisha. Halmashauri za miji zikalazimika kupiga sarafu zao za zinki, chuma na alumini, zenye nembo ya mji, nyingine zikiwa zimeandikwa Kleingeldersatzmarke, yaani kibadala cha chenji (neno lenyewe halienei vizuri kwenye sarafu). Ninazo mbili za zinki. Moja ina pembe nane; ukiipangusa kwa kidole inaacha unga mweupe, kwani zinki haivumilii unyevu, na ukiidondosha mezani hailii kama fedha bali kama kifuniko cha soda. Vita vilipokwisha dhiki haikuisha: Bonn ilitoa za chuma zenye sura ya Beethoven mwaka 1920, Meissen ikafinyanga za kauri ya rangi ya kahawia, na mwaka 1923 jimbo la Westfalen likapiga sarafu ya mark trilioni moja, ambayo kwa bei ya mwishoni mwa Novemba mwaka huo haikufikia hata robo ya dola ya Marekani.

Tabora ilikuwa na upungufu huo huo, ila mafundi wake walitumia walichokipata, yakiwemo maganda ya shaba ya risasi na mizinga, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga pia rupia 15 yenye tembo. Kazi hiyo haikudumu, maana Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916. Undugu nao una mpaka wake, na ningependa maelezo mapya yaseme hivyo: mkazi wa mji wa Ujerumani aliahidiwa na halmashauri yake kwamba kipande kile kitakombolewa, ilhali askari na mpagazi wa huku walipokea heller za serikali ya kikoloni ambayo hawakuichagua na iliyokuwa ikirudi nyuma kila wiki.

Herufi T iliyo chini ya mwaka ndiyo alama ya Tabora; kwa sasa sarafu imelazwa kifudifudi na haionekani. Ikigeuzwa, mgeni ataiona mwenyewe. Zinki zangu mbili nitaziazima makumbusho kwa muda wowote mtakaohitaji, mradi ziwekwe mbali na dirisha linalovuja.

Wako mtiifu,
Mkusanyaji wa sarafu