Tairi bado zina meno, ila baridi ya Isyonje inanitisha

Mshauri wetu wa magari, shikamoo mzee wangu.

Mimi msomaji wako wa huku Uyole, Mbeya. Nauza viazi na mchele. Kazi ya mizigo inafanywa na Hilux kukuu ambayo haijawahi kunililia. Sasa mwaka huu, baada ya kujinyima sana, nimeagiza gari la roho yangu kutoka Japani: Toyota GR Yaris, ile ya RZ. Najua hapo umeguna. Hata mafundi wa huku waliguna. Mmoja alifungua boneti, akachungulia, akaniuliza, "Kaka, hela zote hizo kwa pistoni tatu kama Passo?" Nikamwambia apande, tukaenda naye mpaka Inyala na kurudi. Aliposhuka hakuuliza tena habari za pistoni. Ni injini ya lita 1.6 yenye turbo, farasi 272, na inasukuma miguu yote minne.

Tatizo langu ni tairi. Gari limekuja na zile zile za kiwandani, Dunlop SP Sport Maxx 050, saizi 225/40 R18, yaani upana milimita 225, ukuta wa ubavuni asilimia 40 ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Mwenye gari wa kwanza hakulitembeza sana, kwa hiyo meno yapo. Nimechukua rula ya mwanangu wa darasa la tatu nikaichomeka kwenye mfereji wa tairi: milimita 6. Tairi kama hizi zikiwa mpya kabisa huwa na kama 8. Ukiziangalia kwa macho utasema ziliwekwa mwezi uliopita. Lakini ubavuni, zile tarakimu nne za tarehe zinasomeka 4120, yaani zilitoka kiwandani wiki ya 41 ya mwaka 2020. Niliposoma hapo furaha ikapungua kidogo.

Nikueleze kilichonipata. Mwezi wa saba nilikuwa nakwenda Kyela kumwona mama. Saa moja kasoro asubuhi, ukungu umelala juu ya mashamba, lami imelowa, kioo cha dashibodi kinaonyesha nyuzi 5. Kabla ya kufika Isyonje kuna kona ya kawaida tu, ambayo Hilux naipitisha huku nikipiga stori. Nilikuwa kwenye 60, si zaidi. Nikakata usukani, mbele ya gari ikagoma. Gari likaendelea kunyooka taratibu kuelekea mtaroni kama vile usukani ni wa gari la jirani. Nikaachia mafuta, nikatulia, na tairi zikashika zimebaki hatua chache. Mama mmoja alikuwa amesimama kando na gunia lake la viazi. Alinitazama, hakunisalimia, nami simlaumu.

Jioni yake narudi, jua bado lipo, lami kavu, nikaipita kona ile ile kwa mwendo ule ule. Gari liliganda chini kama gundi. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe tairi za magari ya mbio kama hizi ni za majira ya joto. Zikifika kwenye nyuzi 7 hivi kushuka chini, mpira wake unakakamaa. Nimejaribu mwenyewe nyumbani: alfajiri nikibonyeza ukucha kwenye jino la tairi ni kama nabonyeza soli ya kiatu cha shule, saa nane mchana ukucha unaacha alama. Ongeza na umri wake, kwa sababu mpira nao unazeeka hata usipotembea. Michelin wenyewe wanashauri tairi ikishatimiza miaka mitano ya kutumika ikaguliwe kila mwaka, na ikifika kumi itolewe hata kama meno yapo.

Basi nimeomba ushauri, na kila mtu ana lake. Mama watoto anasema tairi nzima haitupwi, niendeshe polepole mpaka ziishe, ada zinakuja Januari. Hoja yake ina uzito kwa sababu seti ya tairi nne nimetajiwa milioni mbili na laki nane.

Shemeji yangu wa Iringa, ambaye kila mashindano ya magari yakifika kule hulala gereji na wenzake, anataka niweke zile laini kabisa, Yokohama Advan A052. Nampenda shemeji, lakini tairi ya namna ile inataka ipate joto kwanza ndipo ishike. Mimi natoka nyumbani alfajiri na baridi ya Uyole. Mpaka ipate joto nitakuwa nimeshamsalimia yule mama wa viazi kwa karibu zaidi.

Muuza tairi wa Mwanjelwa yeye ananishawishi nishuke rimu 17, niweke 225/45. Nilikaa na kikokotoo. Mzunguko unabaki karibu ule ule, na ukuta wa tairi unaongezeka kutoka milimita 90 hadi 101. Milimita 11 si haba kwa barabara zetu. Unayajua matuta na rasta za kuelekea Iringa, na pale ambapo malori ya Tunduma yamekandamiza lami ikafanya mabonde mawili. Rimu yangu moja tayari ina kovu. Na gari hili halina tairi ya akiba, mzee! Limekuja na chupa ya dawa na kipampu tu. Pancha ya msumari sawa, lakini ubavu ukipasuka usiku pale Igawa, dawa hiyo utainywa? Ninachohofia ni breki: diski za mbele zina kipenyo cha milimita 356, na nikitazama, kalipa, kile kibanio cha breki, imekaa karibu mno na rimu. Muuzaji anasema "itaingia tu". Neno hilo limeshanigharimu sana maishani.

Huyo huyo akaja na wazo lingine, kwamba ninunue mbili za mbele, za nyuma nimalizie. Hapo nilikataa papo hapo. Gari linasukuma miguu yote minne, tairi zikipishana kimo, mfumo wa kugawa nguvu unabaki kupambana na kujichemsha njia nzima.

Mimi mwenyewe moyo umeegemea kwenye kubadilisha zote nne, nibaki na rimu 18, niweke tairi za misimu yote, mfano Michelin CrossClimate 2, ambazo saizi yangu ipo ila hadi ziagizwe. Ila hapa ndipo ninapokwama. Njia yangu ni moja lakini hali ya hewa ni mbili. Asubuhi nipo Isyonje nimevaa koti, kabla ya saa nne nipo Kyela natafuta feni. Tairi inayoshika vizuri kwenye baridi ile, ikishuka kwenye joto la Ziwa Nyasa si itakuwa imelegea, na usukani wa gari hili uliokuwa mkali kama wembe upotee? Nitakuwa nimenunua gari la mbio nikalivisha gambuti.

Kwa hiyo naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, milimita 6 za meno na umri huu, zitoke sasa au nizitumie mchana tu mpaka masika yaishe? Pili, kama zinatoka, nivumilie 18 ya misimu yote, au nihangaike na rimu 17 zitakazopita kwenye breki hizo?

Lori la shemeji linapanda kutoka Dar Ijumaa ya wiki ijayo na amesema atanibebea bure, kwa hiyo ukinijibu kabla ya hapo nitashukuru. Na tafadhali usinijibu kwamba niendeshe polepole, hilo mama watoto ameshanijibu.

Wasalaam,
Mpenda Kona, Uyole