Kabla hujanunua kipuri cha baiskeli yako

Mwanangu mpendwa,

Picha za fremu ya zamani ya baiskeli ya Mongoose uliyopata na unayotaka kuifufua nimeziona, na furaha yangu siwezi kuificha. Unaniuliza ununue vipuri vya asili tu, au hata vile vya enzi yake vitafaa. Kwanza jua baiskeli hiyo ni ya mwaka gani. Ukishaujua, usifunge chochote kilichotengenezwa baada yake bila sababu ya maana.

Kipuri cha asili ni kile kilichotoka nayo kiwandani. Cha enzi yake ni kile ambacho mwenye baiskeli angeweza kukinunua na kukifunga wakati ule. Mimi sioni kwamba cha pili ni duni. Tangu mashindano ya BMX, yaani mbio za baiskeli ndogo kama yako kwenye njia za udongo, yaanze California miaka ya 1970, vijana hawakuziacha baiskeli zao kama zilivyotoka dukani. Walibadilisha pedali, gripu, siti, na aliyeweza alifunga Tuff Wheel za Skyway, yale magurudumu ya nailoni yasiyo na spoku za waya. Kama fremu yako ni ya 1983, magurudumu hayo yanaikaa vizuri kabisa, hata kama kiwandani ilitoka na ya spoku. Lakini ukiifunga breki za V, zile zenye mikono miwili mirefu inayobana rimu, ambazo zilienea miaka ya 1990, kila anayezifahamu baiskeli hizi ataona kitu kigeni kabla hajatazama chochote kingine.

Usimwamini muuzaji kwa maneno matupu. Kisome kipuri chenyewe. Vipuri vingi vya Shimano, kampuni ya Kijapani, vya miaka ile vina herufi mbili ndogo zilizogongwa: ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976, na ya pili ni mwezi, kuanzia A kwa Januari. Kwa hiyo HC ni Machi 1983. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyotengenezwa miezi michache kabla ya fremu inaleta maana, kwa sababu vipuri hutangulia kiwandani. Ikiwa ni ya miaka miwili baadaye, ujue kuna mtu aliibadilisha.

Sasa hilo la rangi, ambalo ndilo limenifanya nikuandikie leo leo. Unasema stika zimechubuka na unataka kuikwangua fremu yote uipige rangi upya. Nakusihi, ngoja. Vipuri unaweza kuvitafuta hata miaka kumi ukavipata, ila rangi ya kiwandani ukishaikwangua imekwenda. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ikauke, uipake nta, kisha uitazame tena mchana kweupe. Kutu ya juu juu kwenye kromu huondoka kwa kusugua taratibu na karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Pale kromu ilipobanduka, paache. Stika mpya zilizonakiliwa zina nafasi yake kwenye fremu ambayo tayari imepoteza zake, na ukizibandika, mwambie wazi yeyote atakayekuja kuinunua.

Jambo moja silegezi. Ukikusudia kuiendesha, usalama unatangulia asili. Tairi za miaka arobaini zilizopasuka ubavuni zivue uzihifadhi, uivalishe mpya zenye mchoro unaofanana. Nyaya na raba za breki ziwe mpya. Usukani na shingo yake visafishe, kisha uvichunguze kwa kioo cha kukuzia pale vinapobanana. Ukiona ufa kama unywele, kipuri hicho ni cha kutundikwa ukutani, hata kiwe adimu namna gani.

Kila unachokivua kitie kwenye mfuko na uandike kimetoka wapi. Na kabla hujalipia ile kranki uliyoniambia, yaani mikono inayoshika pedali, nitumie namba ya fremu na picha ya maandishi yaliyo kwenye habu ya nyuma, tuyasome pamoja.

Baba yako