Aliyedharau vitreni vyangu aje apange mabehewa mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kuhusu maonesho ya Nane Nane hapa Tabora. Alilalamikia vumbi, bei ya chipsi na kelele za spika, halafu akamalizia kwa kumshangaa mzee mzima aliyejibanza pembeni ya banda la mafundi seremala akichezea vitreni, yaani treni ndogo za mfano, mbele za watu. Mzee huyo ni mimi. Kwenye vumbi na spika tuko pamoja. Kwenye vitreni, hapana.

Nilikuwa shanta, yaani mkata na mpanga mabehewa, wa yadi ya Tabora tangu miaka ya 1980 mpaka nikastaafu. Vijana wengi hawaijui kazi hiyo, kwa hiyo nieleze. Reli ya Kati inapofika Tabora inagawanyika. Iliingia hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Ya kwenda Mwanza ikakamilika 1928, na baadaye ikaja ya Mpanda, ile inayochepukia Kaliua. Basi treni iliyotoka Dar es Salaam ikiwa moja, hapa ilikatwa, vipande vya Kigoma huku, vya Mwanza kule. Abiria aliyelala alishtuliwa na kishindo usiku wa manane, akaguna, akajifunika tena. Kishindo hicho kilikuwa sisi.

Na abiria ndiyo kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kwenye mizigo: chumvi ya Uvinza, pamba ya Mwanza, mahindi ya Mpanda, tumbaku ya hapa hapa, matenki ya mafuta yanayokwenda ziwani. Kila behewa lina stesheni yake ya kukatwa njiani. Likiwekwa pasipo pake, treni nzima itasimama porini huku dereva na gadi wakihangaika kulichomoa katikati ya mengine. Kwa hiyo mpango wote unafanywa yadini kabla ya safari, mara nyingi gizani, mkononi una taa yenye kioo chekundu na cha kijani, miguuni kokoto zimelowa. Sijawahi kuona kiongozi akikata utepe kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa nije kwenye meza iliyomkera ndugu yangu. Ni ubao wa plaiwudi, urefu sentimita 130, upana 30. Juu yake kuna njia moja inayogawanywa na pointi mbili, zile reli za kugeuza zinazochagua treni iende njia ipi, ikawa njia tatu. Moja inameza mabehewa matano, mbili zilizobaki matatu kila moja. Upande wa pili kuna kipande cha reli cha injini kwenda na kurudi, nacho kinatosha injini na mabehewa matatu tu. La nne litabaki juu ya pointi na huwezi kuigeuza. Mabehewa yapo manane. Unaanza na matano kwenye njia ndefu na matatu kwenye njia fupi mojawapo.

Nina visoda vinane, kila kimoja kimepakwa rangi ya behewa lake. Vinatiwa kwenye kofia, mgeni anachomoa vitano, navipanga mezani kwa mfuatano ule ule alivyochomoa. Kazi yake ni kuunda treni ya mabehewa hayo matano, kwa mpangilio huo huo, kwenye njia ndefu. Haruhusiwi kunyanyua behewa kwa mkono.

Mtu anatazama anasema, aa, dakika mbili tu. Anakamata swichi. Behewa analolitaka kwanza liko nyuma ya mengine manne. Anavuta matatu, kipande cha reli kimejaa. Anayasukuma kwenye njia iliyokuwa tupu, nayo imejaa. Anarudi kuchukua mengine, anagundua kwamba moja ya yale aliyoyaficha ndilo alilopaswa kuwa nalo mkononi sasa hivi. Hapo ndipo anavua miwani. Hesabu yenyewe iko wazi: njia zote tatu zina nafasi 11, mabehewa ni 8, kwa hiyo ukiacha kile kipande cha injini unacheza na nafasi tatu tupu na si zaidi. Mwalimu mmoja wa hisabati alisimama pale akaandika kiganjani 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, akapata treni 6,720 tofauti zinazoweza kutoka kwenye kofia moja. Akaacha kununua alichofuata banda la jirani.

Mpangilio huu sikuubuni mimi, nisije nikavaa sifa za watu. Aliyeubuni ni Mwingereza, Alan Wright, akauita Inglenook Sidings. Huko Uingereza vyama vya wapenda reli hufanya maonesho kwenye kumbi za makanisa na za shule, na meza ndogo ya namna hii haikosi wa kuizunguka, maana haihitaji chumba kizima kama zile zenye milima na madaraja. Mpwa wangu anayeishi huko alinionesha kwa video ya simu, nikamwambia hiyo ni yadi yetu, punguza ukubwa tu. Akanitumia reli, pointi mbili, magurudumu, vishikio vya Kadee vya kuunganisha mabehewa na injini moja iliyokwisha tumika.

Vilivyobaki nimevifanya hapa. Maboma ya mabehewa nimeyakata kwenye ndoo za plastiki, nikayapaka rangi kwa ninavyoyakumbuka. Ni yale mafupi ya kizamani ya magurudumu manne. Ndani nimejaza nati mpaka kila moja likakaribia gramu 70, kwa sababu behewa jepesi likisukumwa kwenye pointi linapanda reli na kuanguka. Wajuzi wataniuliza upana wa reli, na wana haki. Kipimo changu ni 1 kwa 87, yaani kitu halisi ni kikubwa mara 87, na reli ina milimita 16.5, ukizidisha unapata upana wa SGR kabisa, ile reli mpya pana, wakati mabehewa juu yake ni ya reli ya mita moja. Reli ya milimita 12 ndiyo ingefaa, lakini mstaafu huchukua anachotumiwa.

Umeme wake ni volti 12, kwa hiyo naendeshea betri ya bodaboda. Swichi moja inageuza chanya na hasi ili injini irudi nyuma, kitufe cha pembeni kinapunguza mwendo. Kukata behewa natumia njiti ya mshikaki: unaichomeka katikati ya vishikio viwili, unaizungusha kidogo, vinaachia. Ndugu yangu akija nitamwonesha kwamba hiyo njiti ndiyo mwili wa shanta mwenyewe, yule anayeingia kati ya mabehewa mawili ya chuma. Kwenye meza ukikosea unapigwa na kicheko. Yadini nimewaona wenzangu wakipoteza vidole.

Adui yetu mkubwa alikuwa lile vumbi. Injini inapata umeme kupitia magurudumu, na vumbi jembamba la viwanja vya maonesho likikaa juu ya reli, injini inasita, inarukaruka, inakufa kabisa pale kwenye kipande cha plastiki katikati ya pointi. Mjukuu wangu alikaa na kitambaa chenye spiriti akifuta kila baada ya wageni wachache, na palipogoma alisugua kwa kifutio cha penseli. Watoto walitaka kujua kwa nini treni yetu haina nyaya juu. Hawa wameiona SGR ya umeme kwenye simu tangu ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, na kwao treni isiyo na waya haijakamilika. Nikawaambia waya upo, treni inaukanyaga. Mmoja akagusa reli mbili kwa vidole kuhakikisha, akasikitika kwamba haikumrusha.

Lakini aliyenifurahisha kuliko wote ni utingo mmoja wa fuso linalopeleka bidhaa Urambo na vijiji vya njiani. Alisimama nyuma muda mrefu, mikono mfukoni, akiwatazama watu wenye suti wakikwama. Zamu yake ilipofika akavipanga visoda, hakugusa swichi. Akavisoma kuanzia cha mwisho kurudi cha kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye behewa ambalo kila mtu huliacha mpaka mwisho, akaliingiza ndani kabisa ya njia ndefu, na kuanzia hapo kila alichovuta kilikuwa na mahali pa kwenda. Alipomaliza hakushangilia. Alisema tu kwamba mzigo wa Urambo hauwezi kuwekwa juu ya mzigo wa kijiji cha kabla yake. Kijana yule hajawahi kufanya kazi reli hata siku moja. Ningekuwa bado kazini ningemwombea nafasi asubuhi yake.

Hicho ndicho ninachomwambia msomaji aliyenikebehi. Treni inayopita kwa kasi kila mtu anaiona na kuipiga picha. Akili iliyoipanga haionekani mpaka uiweke mezani na kumwambia mtu ajaribu mwenyewe. Chuo cha reli tunacho hapa hapa Tabora. Ubao kama huu hauwezi kukishinda, na wanafunzi wangeutengeneza vizuri kuliko mimi kwa sababu macho yao bado ni mazima.

Nina ombi moja pia kwa wastaafu wenzangu wanaosoma gazeti hili, iwe Kigoma, Mwanza, Morogoro au Tanga. Naanza behewa la ng'ombe, lile la zamani la mbao. Milango yake naikumbuka, ila upande wenye breki ya mkono umenipotea kichwani, na picha nilizopata zote zimepigwa upande wa pili. Mwenye picha, au hata mchoro wa kalamu wenye vipimo, aniachie kwa mkuu wa stesheni hapa Tabora. Ukisema ni ya mzee wa vitreni itanifikia. Na wewe ndugu yangu uliyeandika barua ile, Nane Nane ijayo nitakuwa pale pale kando ya maseremala. Kofia nitakushikia mwenyewe uchomoe visoda.

Shanta mstaafu,
Isevya, Tabora