Unguja hadi Pemba kwa ndege: ni kilomita 50 au 125?

Mama mmoja wa Ujiji aliingia ofisini kwetu hapa Mwanga, Kigoma, tunapokata tiketi za ndege, simu mkononi. Binti yake kaolewa Chake Chake, kajifungua, na bibi anataka kwenda kumpakata mjukuu. "Mwanangu," akaniambia, "humu wameandika Unguja na Pemba ni kilomita hamsini. Wewe unaniambia nusu saa. Hiyo ndege inatambaa?"

Simu haikumdanganya. Kilomita 50 ni upana wa bahari pale visiwa vinapokaribiana. Lakini ndege haipandiwi Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja. Uwanja wa Abeid Amani Karume uko upande wa kusini magharibi wa Unguja, jirani na mji. Ule wa Pemba uko katikati ya kisiwa, karibu na Chake Chake. Uwanja kwa uwanja ni takriban kilomita 125.

Sisi wa Kigoma hili halitupi shida. Ziwa letu, Tanganyika, lina upana wa wastani wa kilomita 50, lakini anayekwenda Kalemie, upande wa Kongo, hakati ziwa moja kwa moja. Anashuka kusini, na umbali wake unakaribia huohuo wa 125. Nilipomwambia hivyo, mama akacheka. Kalemie anaijua.

Ukikuta kwingine wameandika 68, nayo ni sahihi. Hizo ni maili za baharini, kipimo cha marubani, na kila moja ni kilomita 1.852. Maili za kawaida zinakuwa kama 78. Safari ni ileile.

Sasa hiyo nusu saa. Njia hii hurushwa sana na ndege ndogo za panga moja, kama Cessna Caravan, ambazo mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 25. Ongeza kutambaa uwanjani, kupaa na kujipanga kutua, nusu saa hiyo. Kaskazi ikivuma inaipinga ndege inayokwenda Pemba, kusi inaisukuma. Tofauti ni dakika chache, huna haja ya kuzihesabu.

Dakika za kuhesabu ziko Dar es Salaam. Kutoka Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 angani, kisha unabadilisha ndege. Ukikata tiketi mbili za kampuni tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukungoja. Kwa hiyo mteja wetu tukimwachia saa moja tu katikati, tumemtega. Tunapenda zisipungue saa nne, na kama ndege ya Kigoma inafika jioni, alale Dar, aondoke asubuhi. Wapo wanaotununia kwa sababu ya gharama ya gesti. Sawa tu.

Mzigo nao uulizie mapema. Ndege hizi ndogo aghalabu huruhusu kilo 15, na begi laini hupokewa kwa urahisi kuliko sanduku gumu. Usishangae ukiulizwa uzito wako mwenyewe. Rubani anasawazisha ndege.

Mama alikuwa amepanga kubeba dumu la mawese na gunia la dagaa. Tulipima pamoja kwenye mizani ya duka la jirani. Dagaa walipunguzwa wakabaki kilo nane, vitenge vya mzazi vikaingia, na dumu likarudi Ujiji kwa bajaji.