Shukrani za familia kwa wote mliochangia chumba cha kusomea cha Baba yetu, Mwalimu

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na Baba, na nyie wote mliopita darasani kwake, shikamooni wakubwa na wengine habari za siku nyingi. Mimi ni binti yake wa pili, familia wamenipa kazi ya kuandika hii kwa sababu daftari la michango nilikuwa nalishika mimi, kwahiyo mnisamehe nikirefusha kidogo.

Baba alitutoka mwaka jana kipindi cha mvua, na mnaoijua Rungwe mnajua mvua ya kwetu ikoje. Siku ya mazishi gari lilikwama kwenye tope huku nyumbani bado mbali, ndo wakatokea vijana wakavua viatu wakaliinua jeneza begani, wakapokezana mpaka uani kwetu bila kulishusha hata mara moja. Sikuwa namjua hata mmoja. Baadae Mama akaniambia wale wote Baba ndo aliwafundisha kushika penseli darasa la kwanza. Ile siku tulikuwa tumechanganyikiwa hatukusema asante hata kwa mmoja, basi naanza na nyie, asanteni sana wadogo zetu, Mungu awatunze.

Tulipoanua tanga tukakaa kikao cha familia, kuna rambirambi ilibaki, wengine wanataka kaburi liwekwe marumaru, mwingine anasema tuweke sanamu pale shuleni, yani tulibishana mpaka usiku. Mama alikuwa kimya muda wote, mwisho akasema kaburi mkilipanda maua linatosha, wale watoto wanaotoka kule juu bado wanafika wamelowa na madaftari yao yamelowa, mkitaka kumkumbuka baba yenu wajengeeni pakavu pa kusomea. Kikao kikaishia hapo.

Mliosoma kwake mnajua Mama alikuwa anaongelea nini. Baba alikuwa haachi mfuko wa mbolea utupwe. Akiona mfuko umeisha shambani kwa mtu anaomba, anaufua mtoni, anaukata vipande, usiku anakaa na koroboi na sindano ya gunia anashona vimfuko vya kuwekea madaftari, uzi anachomoa kwenye magunia ya katani. Kila Januari lazima kila mtoto wa darasa la kwanza apate cha kwake. Na wale waliokuwa wanafika wametota kabisa, masweta yao yalikuwa yanakuja kuning'inizwa jikoni kwetu juu ya mafiga, sisi tumekua na ile harufu ya sufu mbichi na moshi, hata leo nikiisikia mahali namuona Baba ameinama anageuza sweta la mtoto wa mtu lisiungue.

Nataka niseme na hili maana wengi walikuwa hawalijui. Baba alianza ualimu na darasa la saba tu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977, na walimu wa vyuo wasingetosha, ndo vijana waliomaliza la saba wakachukuliwa wakawa wanafundisha huku na wao wanafundishwa, hao ndo walimu wa UPE, yani ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kuna watu walikuwa wanawaita Ualimu Pasipo Elimu, na alishawahi kuambiwa hivyo mbele ya wanafunzi wake. Hilo neno lilimuuma Baba miaka mingi. Alisoma usiku peke yake akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akarudia, akafaulu, akaenda chuo akapata Daraja A. Vitabu alikuwa anaazima Mbeya mjini, anaenda Jumamosi anarudi siku hiyohiyo. Kwahiyo chumba cha kusomea kwetu sisi ni kitu ambacho yeye mwenyewe alikikosa.

Sasa michango. Tulipofungua lile grupu la WhatsApp tulijua tutapata watu thelathini hivi. Mlikuja kutoka Tukuyu, Kyela, Mwanjelwa, Uyole, Tunduma, Makambako, Dar, na mmoja yuko Ndola huko Zambia. Na karibia kila muamala ulikuja na ujumbe wake. Mmoja kaandika kwamba jedwali la mbili alilishika mwaka 1986 Tukuyu Stars walipochukua ubingwa, maana Baba alichora msimamo wa ligi ubaoni na enzi hizo ushindi ulikuwa pointi mbili, basi wakawa wanazidisha. Mwingine kasema tu "alinifulia sweta." Kuna mama anauza ndizi barabarani pale Kiwira, alitutumia elfu moja moja kila Ijumaa, nimehesabu kwenye daftari ni Ijumaa kumi na nne, na kila mara makato analipa yeye. Mama yangu, najua hutaki jina lako litajwe. Nilikuwa naisubiri hiyo Ijumaa, na kuna siku grupu lilikuwa kimya kabisa tukataka kusimamisha ujenzi, elfu moja yako ikaingia, kaka akanyanyuka akaenda kwa fundi.

Kuna jambo halikuwa zuri. Mtu alisambaza namba nyingine akitumia picha ya Baba akachangisha, watu saba walituma huko na hela haikurudi. Tuliumia sana kwa sababu ni jina la Baba lililotumika. Lakini nyie saba mlituma tena upya kwenye namba sahihi, hakuna hata mmoja aliyelalamika, hapo kwakweli tulikosa cha kusema.

Jumla iliyoingia ni shilingi 13,870,000 na iliyobaki ni 412,000, risiti zote anazo mweka hazina na mwalimu mkuu ana nakala, anayetaka kuziona anakaribishwa. Tofali za kuchoma zilitoka kwa wanakijiji bure. Mbao za kenchi na papi zililetwa na mwanafunzi wake anayefanya biashara ya mbao Mafinga, akashusha mwenyewe, akakataa hata hela ya mafuta. Mchanga ulipanda na kirikuu kwa safari ambazo hatukuzihesabu, na pale gari lilipokuwa linashindwa akina mama walibeba kwa ndoo kichwani. Fundi alitupunguzia. Dari tuliweka ingawa haikuwa kwenye bajeti, kwa sababu mvua ikipiga bati huku kwetu hamsikilizani, Baba alikuwa akiona imezidi anaacha kuongea anaandika ubaoni mpaka ipungue, tukasema kwenye chumba chake mtoto asome kwa kusikia sauti yake mwenyewe.

Siku ya kufungua alikuja kaka mmoja wa bodaboda, hatukumfahamu, akatoa kitu kifuani ndani ya koti. Kimfuko cha mbolea. Maandishi yamefutika imebaki rangi ya kijani kidogo pembeni, mshono wa Baba uko vilevile, ule wa kurudia mara mbili kwenye kona. Ndani kulikuwa na ripoti yake ya darasa la kwanza, kavu kabisa. Mama alikishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ule mshono, hakusema kitu. Kaka amekiacha, tumekiweka kwenye fremu ya kioo ukutani karibu na mlango.

Tunamshukuru mchungaji na kwaya yetu ya Moravian, serikali ya kijiji kwa kibali cha haraka, mwalimu mkuu na walimu wote, wauguzi waliomhudumia Baba mpaka mwisho, na majirani mliopika siku zote zile. Ambaye sijamtaja asihesabu kwamba tumemsahau. Mama anasema ndaga fijo, yani asanteni sana, na amesema niandike hivyohivyo kwa Kinyakyusa.

Chumba kinafunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, ufunguo uko kwa mwalimu wa zamu na mwingine nyumbani kwa Mama. Mnaotuma vitabu kwa basi naomba mvifunge kwenye nailoni kwanza kisha ndo mviweke kwenye boksi, halafu mpigie kaka kabla gari halijatoka, atakuwepo stendi ya Tukuyu kuvipokea visije vikanyeshewa.